Pikipiki ya Maji ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinunua pikipiki ya maji kanisani. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani nimekosea kuandika. Usharika wao uko juu kule kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo maji yanayofahamika ni ya mfereji wa kunyweshea migomba, na siku ya mavuno kila muumini huleta alichojaliwa: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, vitu vyote hutolewa nje vikapigwa mnada. Mwaka huo mwenye hoteli moja ya watalii, aliyekuwa akifunga biashara ahame, alileta kwenye trela kitu kirefu cha rangi ya njano na nyeusi, akakitoa kwa Bwana, kisha akaondoka kabla hajaulizwa kama kinawaka.

Asiyewahi kuhudhuria mnada wa kanisa hajui jinsi watu wapole wanavyoweza kuumizana. Yai moja linanunuliwa, linarudishwa mezani, linanunuliwa tena, mpaka linakuwa na heshima kuliko kuku aliyelitaga. Baba mkwe alikuwa na miaka sabini na nne, mkulima wa kahawa na migomba tangu ujana wake, na hakuwa na haja yoyote na mashine ile. Haja yake ilikuwa kwa jirani yake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mwaka uliotangulia alimshinda kwenye mbuzi. Mwalimu alipotaja dau, baba mkwe alipandisha. Mwalimu akapandisha, baba mkwe akavua kofia, akapandisha tena. Mnadi akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na usharika mzima ukacheka, isipokuwa mama mkwe.

Lakini kununua peke yake hakukumtosha. Alipopewa kipaza sauti atoe neno la shukrani, aliahidi mbele ya watu wote kwamba siku ya pili ya Krismasi, watoto wake wakiwa wamerudi nyumbani, angeiendesha mashine ile bwawani kwa mikono yake mwenyewe. Bwawa lenyewe lilichimbwa na mlowezi wa zamani wa mashamba ya kahawa. Siku hizi linanywesha ng'ombe na kulea vyura. Mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe kutoka ukingo mmoja likatua ukingo wa pili.

Jumapili ile ile jioni nilipigiwa simu. Mimi nina gereji Lemara. Natengeneza chensoo, mabomba ya mota ya kupulizia dawa kwenye kahawa na mashine za kukatia nyasi, yaani kila injini ndogo inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Hakukuwa na fundi Arusha nzima aliyezijua injini hizo kunizidi. Kauli hiyo nilikuwa nikiitoa mimi mwenyewe, mara nyingi bila kuulizwa.

Kwa hiyo kila Jumamosi, kuanzia Oktoba, nilitoka nyumbani Sekei na mke wangu, nikapitia Lemara kuchukua vifaa, tukapanda kwa wakwe. Hapo inabidi nieleze jambo moja. Kwa wakwe zangu, mkwe hambishii baba mkwe. Hambishii kwa neno, hambishii kwa kukohoa, na akisema jua linachomoza Monduli, huko huko linakozama, mkwe anageuza kiti atazame Monduli. Mimi sheria hiyo niliisifu sana. Ilinipa sifa ya unyenyekevu bila kunigharimu chochote, kwa maana hatukuwahi kutofautiana juu ya kitu nilichokijua.

Mtu mwingine aliyekuwapo kila Jumamosi ni mlinzi. Alikuwa Mwarusha wa Kisongo, ule upande mkavu wenye vumbi na mifugo, na alikuwa amelinda kwa baba mkwe miaka kumi na moja. Alilala katika chumba kilichoungana na stoo ya kahawa. Mke na watoto wake walibaki Kisongo, na kilichowalisha na kuwasomesha ni kazi ile. Alinizidi miaka kadhaa. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia, au angalau kumwita kaka. Nilimwita "wewe mlinzi", naye aliniita fundi, na sikuona tatizo lolote.

Jumamosi ya kwanza nilikuta betri imekufa, petroli ya tangini imegeuka kuwa kitu chenye harufu ya varnishi, na panya wamejenga ndani ya chujio la hewa. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha betri, nikaweka plagi mpya. Ikawaka pale pale juu ya trela, ikatoa moshi, na mama mkwe akafunga madirisha. Niliizima haraka kwa sababu mashine ya namna hiyo hupozwa na maji inayoogelea ndani yake. Nchi kavu haiwezi kuungurumishwa muda mrefu. Baba mkwe alinisifu mpaka nikaona aibu ya uongo ile tunayoionyesha tukisifiwa.

Tukaivuta hadi bwawani. Nilipanda mimi kwa majaribio. Ikaenda hatua kama ishirini, ikakohoa, ikazima. Nilikaa juu yake katikati ya vyura, nikibonyeza kitufe, mpaka mlinzi akaingia majini hadi kifuani na kamba ya kufungia fahali, akanivuta nchi kavu. Mwenye la kusema alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa amekuja na kiti chake kutoka nyumbani. Alisema kwamba kwa mwendo ule mimi na mashine tungefika Dar es Salaam kabla ya ufufuo.

Jumamosi ya pili nilikuja na elimu. Niliwaeleza wote, mwalimu na kiti chake wakiwa mbele, kwamba mashine ile ilipimiwa hewa nzito ya baharini. Huku juu hewa ni nyepesi, na petroli ile ile inakuwa nyingi mno kuliko hewa, injini inalowa na kuzima. Hilo ni kweli na nalisimamia mpaka leo. Nilitoboa, nikapunguza, nikabadilisha jeti, kile kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, nikashusha sailensa, yaani mwendo wa injini ikitulia, kisha nikaipandisha. Baba mkwe aliwaambia waliokuwapo kwamba mkwe wake angezaliwa Ulaya angekuwa anarusha ndege. Nikapanda. Safari hii nilifika katikati kabisa ya bwawa kabla haijazima, na mlinzi alilazimika kuogelea.

Baada ya hapo kila mtu akawa fundi. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alitaka nimwonyeshe injini kwa simu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema tatizo ni huku bara hatujui maji. Mwendesha bodaboda wa njia panda alishauri tufungue ekzosi tutie mchanga, ushauri ambao hata sasa siujui ulikotoka. Mchungaji alipita, akatia neno la maombi, akasema kwamba imani bila matendo imekufa, halafu akanitazama mimi. Mwalimu yeye hakushauri. Alikuja tu kila Jumamosi na kiti chake, akifika mapema asipitwe.

Mimi nilipima kila kilichopimika. Nilifuatilia mpira wa petroli kutoka tangini hadi mwisho. Nilikagua ile kamba nyekundu ya mkononi inayozima injini dereva akianguka. Nilifungua mahali maji yanapoingilia, nikatoa magugu na chura mmoja. Kila Jumamosi mashine iliwaka vizuri, ikaenda kidogo, ikaanza kumisi, mlio ukikatikakatika, ikazima, na mlinzi akaingia majini na kamba yake.

Kitu kimoja kilikuwa kikijirudia. Kila nilipotoa plagi nilizikuta nyeusi na zimelowa, zinang'aa utadhani zimepakwa masizi ya sufuria na mafuta. Nami mchanganyiko nilikuwa nautengeneza mwenyewe Lemara: petroli lita ishirini, oili ya 2T nusu lita, kipimo nilichokitumia maisha yangu yote. Nilijaza dumu, nikaliacha kwenye stoo ya kahawa, ili katikati ya wiki baba mkwe aongezee tangini na kuipasha mashine moto dakika moja, jambo alilolipenda kuliko kahawa yake. Funguo za stoo zilikuwa mbili tu: moja kwake, moja kwa mlinzi.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Krismasi ilikuwa mlangoni, mwalimu alikuwa kwenye kiti, na mashine ilikuwa imezima mara ya tano siku hiyo. Nilikuwa na hasira, na hasira ya fundi aliyeshindwa hutafuta mtu wa kukaa juu yake. Nilinusa plagi. Nikanusa dumu. Nikakumbuka kwamba chumbani kwa mlinzi, mlango wa pili kutoka stoo, kuna jiko la mchina analopikia, na jiko hilo linatumia mafuta ya taa. Nikasimama mbele ya wote, nikasema petroli hii imechakachuliwa. Nikaeleza inavyofanyika: mtu anachota petroli, anaiuza kwa bodaboda, anajazia mafuta ya taa ili dumu lionekane limejaa. Nilieleza vizuri sana. Sikutaja jina la mtu. Niligeuka tu nikamtazama.

Mlinzi alikuwa bado amelowa, maji yanamchuruzika kutoka kwenye suruali. Alimwangalia baba mkwe, kisha akaangalia chini.

"Mimi sijachota, mzee," alisema.

Hakuongeza neno. Nilichukua kimya chake kuwa ushahidi, nikamwambia mwalimu kwa sauti ya kutosha kwamba mwizi siku zote hukosa maneno. Baba mkwe aliona aibu mbele ya jirani yake, aibu ya mtu aliyeibiwa nyumbani kwake miaka kumi na moja bila kujua. Alimwambia mlinzi afunge vitu vyake. Kabla ya saa tisa godoro lilikuwa limefungwa nyuma ya bodaboda, jiko la mchina juu yake, na mlinzi akaondoka bila kugeuka. Mama mkwe alimfungia ndizi mbivu za kupelekea watoto. Mimi nilikuwa nanawa mikono.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na dumu jipya, nikamwaga petroli iliyokuwamo tangini, nikamimina hii mwenyewe, na mashine ikazunguka bwawa mara tatu bila kukohoa. Hebu fikiria nilivyojisikia. Nilimwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia kwamba injini haina siri, siri ni binadamu. Mwalimu alikunja kiti akaenda nyumbani mapema, na huo niliuona ushindi mkubwa kuliko wa mashine.

Jumanne yake nilimpelekea mteja chensoo upande wa Tengeru, nikaona nipite kwa wakwe niwasalimie. Nilipoingia uani nikasikia mashine inakohoa juu ya trela, na moshi wa buluu ukapita juu ya migomba. Nilimkuta baba mkwe ameshaizima na kurudi stoo, dumu langu limefunguliwa mbele yake, faneli mdomoni mwa dumu, na mkononi kopo la oili ya 2T, kubwa, lake mwenyewe. Alikuwa anaimba wimbo wa Majilio polepole na kupima kwa kifuniko cha kopo. Kimoja, cha pili, cha tatu. Akafikiri, akaweka cha nne.

Nilimwamkia. Aliitikia kwa furaha, akanionyesha kopo pasipo kuficha chochote, kama mpishi anayemwonyesha mgeni siri ya mchuzi. Akanieleza kwamba zamani, mwaka kahawa zote zilipokamatwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni mtini, aliua injini ya bomba la dawa kwa kubania oili, katikati ya msimu, na mavuno yote yakaanguka chini yakiwa meusi. Tangu siku ile hajawahi kuiamini petroli iliyochanganywa na mtu mwingine. Kila dumu linaloingia stoo hulizidishia, tena mara mbili kwa wiki, maana oili huwa inakauka.

"Nyinyi vijana mnabania oili," alisema. "Injini ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimbania, naye atakubania."

Pale pale nilikuwa na kila kitu. Plagi nyeusi, kulowa, kumisi, kuzima: oili imezidi mara mbili, mara tatu ya inayotakiwa. Mafuta ya taa hayakuwahi kuwamo dumuni. Pua yangu, ile pua niliyokuwa nikiisifia Lemara nzima, ilikuwa imenusa jiko la mtu maskini ikaliita ushahidi. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja fupi, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama ananitazama, anasubiri jibu.

"Ni kweli, baba," nikasema.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilikwenda nyumbani nikafanya hesabu. Nilipima kifuniko cha kopo la aina ile, nikazidisha kwa vinne, nikazidisha kwa mara mbili za wiki, nikapata ni oili kiasi gani mzee anaongeza. Kisha nikachanganya dumu jipya ambalo karibu halikuwa na oili kabisa, ili akishaweka vifuniko vyake lifike kwenye kipimo sahihi. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Kama mzee angeugua mafua wiki moja asiende stoo, injini ingeungua na kukwama kabisa. Kwa hiyo nikawa napiga simu kila siku kumuuliza hali yake, na mama mkwe akawaambia wanawake wa kwaya kwamba hakuna mkwe mwenye upendo kama mimi.

Mke wangu nilimsimulia kwa kicheko, jikoni kwetu Sekei. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: na mlinzi? Nikamwambia wakati wake utafika, Krismasi ipite kwanza, si vizuri kumwaibisha mzee kabla ya siku yake. Akasema watoto wa yule bwana nao wana Krismasi. Nikamjibu kwamba yeye haelewi mambo ya heshima, na kama kuna siku nilistahili kumwagiwa maji ya vyombo ni ile.

Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa na sura nzuri. Nilimhurumia mzee. Nililinda amani ya nyumba. Nilifuata mila. Nikizichambua sasa naona kilichokuwa ndani yake ni kimoja: sikutaka mwalimu aje na kiti chake anitazame nikisema nilikosea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi wa mlinzi niliubeba wiki mbili bila hata bega kuuma.

Siku ya pili ya Krismasi ilifika. Watoto wote walikuwa wamerudi, shemeji wa Dar es Salaam akiwamo na miwani yake ya jua, na nusu ya usharika ilikuwa ukingoni mwa bwawa. Baba mkwe alishuka amevaa shati jeupe la kanisani, jaketi la kuelea la rangi ya chungwa juu yake, suruali imekunjwa hadi magotini na kofia kichwani. Alipanda bila kushikwa mkono. Mashine ikawaka kwa mguso mmoja. Alizunguka bwawa mara moja polepole, mara ya pili kwa kasi kidogo, maji yakaruka, ng'ombe wakakimbia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu wa miaka kumi. Nilifurahi kweli, sidanganyi. Mwalimu mkuu mstaafu alisimama kutoka kwenye kiti chake na kupiga makofi, na nadhani kwa baba mkwe hicho ndicho alichokinunua kanisani.

Tulikula uani: loshoro ya mahindi na maziwa mgando, ndizi na nyama, soda kwa watoto. Baba mkwe alisimama kutoa neno. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama mkwe, akanishukuru mimi, fundi asiyeshindwa. Kisha akasema tujifunze kwamba nyumba yenye mwizi haiendelei, kwa maana tangu walipomwondoa yule mtu, mashine haijazima hata mara moja. Watu wakatikisa vichwa na kuguna. Mmoja akauliza huyo mtu alikuwa nani, na jina lake likatajwa kwa sauti mbele ya wote, pamoja na kijiji chake, ili nao waliokuwa wanatafuta walinzi wajihadhari.

Mke wangu aliweka kijiko chini. Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Nilisimama, na watu wakadhani nataka kushukuru kwa niaba ya wakwe. Nilisema mlinzi hakuiba petroli. Nilisema mafuta ya taa niliyabuni mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kazi. Halafu ikabidi niseme lile lingine: kwamba kilichokuwa kinazima mashine ni oili kuzidi, na oili ilikuwa inazidishwa na baba. Shemeji alivua miwani. Mwalimu alikuwa ameinama anatazama sahani yake, na huo ndio wema pekee alioutenda mwaka ule.

Baba mkwe hakukasirika, au hakuonyesha. Alikaa chini taratibu, akafuta mdomo.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

Nikamwambia tangu Jumanne ile stoo, wiki mbili sasa.

"Basi oili ni kosa langu," alisema. "Hizo wiki mbili ni zako."

Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa koti nilipofika. Tulishuka wawili tu, tukapita mjini, tukapita uwanja wa ndege, tukaingia Kisongo kwenye vumbi. Njia nzima hakuniambia kitu isipokuwa kuniuliza kama naijua nyumba, na sikuijua. Miaka kumi na moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Tuliuliza mara tatu.

Mlinzi alikuwa anatengeneza boma la ndama. Alituona, akanawa mikono, akamwamkia baba mkwe kwa kuinama kidogo, akanipa mkono na mimi. Alituletea viti viwili, yeye akakaa juu ya gogo. Mke wake akaleta chai ya maziwa. Baba mkwe hakungoja chai ipoe. Alivua kofia, akasema amekuja kuomba msamaha kwa sababu alimfukuza kwa kosa ambalo halikuwapo, na kwamba Jumapili atasimama kanisani aseme hivyo hivyo, kwa jina, ili watu wasikie. Sijawahi kumwona mzee wa umri ule akimvulia kofia mtu aliyemlipa mshahara. Mlinzi alisema yamekwisha, mzee, na akaonekana anamaanisha.

Mimi nikasema yangu. Niliyasema ovyo, nusu yake nikijitetea. Mwishoni nikamuuliza kitu kilichonisumbua usiku kucha: kwa nini siku ile hakujitetea zaidi ya neno lile moja? Alifunga godoro tu, akaondoka.

Alisogeza gogo lake karibu nami.

"Fundi, dumu lile likiwa stoo tulilishika watu wawili tu," alisema. "Ningeshikilia kuwa si mimi, ningekuwa nimemtaja nani? Mbele ya yule mwalimu?"

Baba mkwe alivaa kofia yake, akaivua tena. Alimwambia chumba chake kiko vile vile, kitanda kimetandikwa, na kwamba arudi leo hii kama anataka, gari lipo. Mlinzi alishukuru. Akauliza habari za mama, akauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia ng'ombe, ni nani atakayekuwa anakuja siku za Jumamosi kuiangalia ile mashine.

Nikasema ni mimi.

"Basi mimi nitakaa huku huku," alisema kwa upole, akachukua birika akaniongezea chai.